Nyumba imejaa, mzee hataki kitu kitoke

Mjomba, pokea salamu zangu.

Mimi ni mama wa watoto watatu na naishi Donholm. Mzee wangu alistaafu mwaka jana, watoto wote wameshatoka, na kodi ya nyumba ya vyumba vitatu haina maana tena kwa watu wawili. Tumepata nyumba ndogo Umoja, vyumba viwili, ghorofa ya nne, lifti hakuna. Tunahama mwisho wa mwezi ujao. Mpaka hapo tumeelewana. Vita viko kwenye vyombo.

Nyumba hii tumeishi tangu kifungua mimba yuko nasari, na kitu kikishaingia humu hakitoki. Mlango wa stoo haufungiki. Kuna makochi ya watu saba, dabo deka mbili, friji isiyogandisha lakini taa yake ya ndani bado inawaka, TV ya kichogo, stovu ya mafuta taa, masanduku ya chuma ya boding, vitabu vya shule kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne, sare za shule tatu tofauti, na sufuria moja kubwa ya kupikia watu mia tuliyonunua wakati wa matanga ya baba mkwe. Nguo sitaji.

Mzee anasema tukodi lori moja, kila kitu kiende nyumbani Bungoma. Yeye haamini kwamba kuna kitu kilichokwisha kazi; kikiharibika kinangoja fundi. Mara mbili huko nyuma tulipeleka vitu hivyo hivyo, na nilipoenda Desemba nikakuta kabati limeliwa na mchwa mpaka ukiligusa linamwaga unga. Nilipompigia wifi yangu anayeishi pale bomani kumweleza habari ya lori, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Wifi, hapa si Dandora." Sijamwambia mzee.

Kitinda mimba naye anasema nisijisumbue, niwape vijana wa taka elfu mbili wabebe vyote, niamke asubuhi nyumba iko safi.

Nikasema acha nitoe sadaka. Nilijaza gunia la nguo, nikalipeleka kwenye makao ya watoto ambayo kanisa letu hutembelea. Mama msimamizi alilifungua pale pale mbele yangu, akatoa nguo moja moja, akaziweka mafungu mawili, kisha akanirudishia fungu kubwa. Alikuwa na adabu, lakini, Mjomba, niliona haya hadi nikakosa la kusema. Nilifikiri mwenye shida hupokea.

La mwisho. Mama fua wetu, ambaye tumekaa naye vizuri miaka mingi, nilimpa nguo nzuri za binti yangu pamoja na koti la mzee. Baadaye jirani akaniambia alimwona getini akizibadilisha na mtu wa mali mali, akapewa mabeseni. Si kwamba namdai. Ila iliniuma, na tangu siku hiyo namwangalia kwa jicho lingine.

Nifanye nini na mzee? Na hivi vitu nivipeleke wapi bila kuonekana mjinga au kudharauliwa?

Niliyelemewa, Donholm

* * *

Mpwa wangu,

Wifi yako ameshakujibia nusu ya barua hii, tena bure. Jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori yanaingia mpaka leo kwa sababu kila mmoja wetu ana kitu asichotaka kukitazama tena na anaamini nafasi iko kwingine. Mzee wako anadhani nafasi hiyo iko Bungoma. Kitinda mimba anadhani iko Dandora. Wanabishana, lakini wazo lao ni moja: kitoke hapa, huko kiendako watajua wenyewe.

Wewe anzia upande wa pili. Nunua selotepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, na kalamu ya wino mzito. Kila kitu ambacho hamhami nacho kibandike jina la mtu. Nasema mtu mwenye nambari ya simu, uliyempigia akakwambia, ndiyo, nakitaka, na nitakuja kukichukua siku fulani. "Ushago" si jina la mtu. "Maskini" si jina la mtu. "Siku moja" ndiyo kabisa. Ukizunguka nyumba utashangaa: vitu vingine vitapata majina matatu kabla hujamaliza chai, na vingine, hasa vile vilivyogharimu pesa nyingi zamani, havitapata hata moja. Visivyopata jina ndivyo vya kuuzia wa vyuma kuukuu, au kupasua, au kutupa, na ukifika hapo kutupa hakuna dhambi.

Sasa mzee. Mtu aliyenunua friji kwa lipa pole pole haoni friji. Anaona ile mishahara iliyokatwa mwezi baada ya mwezi. Na amestaafu juzi tu; ukisimama mbele yake ukasema vitu vyake vimekwisha kazi, atasikia maneno mengine ambayo wewe hukuyasema. Kwa hivyo swali la "hiki kitoke?" liache kabisa. Muulize, "Baba watoto, hiki tumpe nani?" Akishaulizwa hivyo atakumbuka kijana wa kazini aliyeoa majuzi, au mtoto wa binamu aliyepanga chumba Pipeline na anakalia ndoo. Simu apige yeye. Kitu akikabidhi, akikabidhi kwa mkono wake, tena aeleze jinsi alivyokinunua na fundi gani alikitengeneza mwaka gani. Waache wasikilize, ni sehemu ya bei. Mwanamume wa rika lake hukubali kitu kitoke pale kinapotoka kwa heshima yake, hukataa pale kinapotolewa nyuma ya mgongo wake. Na lile neno la wifi yako mwambie, ila mwambie usiku mkiwa wawili, usimwambie mbele ya watoto.

Si kwamba Bungoma isipate kitu. Mpigie tena wifi, safari hii usimweleze habari ya lori, muulize anakosa nini. Nina hakika hatataja kochi. Huenda akataja yale masanduku ya chuma: sanduku la boding lenye kifuniko kinachobana huweka mbegu na mahindi ya kula mbali na panya kuliko gunia lolote. Huenda akataka godoro moja, au taa. Vitu vya namna hiyo huenda kwa basi kama mzigo. Piga hesabu ya lori kutoka Donholm hadi Bungoma, mafuta, dereva, utingo na wapakiaji, kisha uulize bei ya kila kilichomo kikiuzwa hapa leo. Mzee ni mtu wa hesabu. Mpe karatasi afanye mwenyewe, usimfanyie.

Tuingie nyumbani tuangalie vitu, nikianza na vikubwa, kwa sababu vikubwa ndivyo watu huviacha mpaka usiku wa mwisho, vikaishia kando ya geti na kunyeshewa.

Makochi yapinduliwe. Nasema yapinduliwe miguu juu, na kile kitambaa cheusi cha chini kichanwe. Utaona mbao. Gonga na ukwaruze kwa kisu pasipoonekana: mbao ngumu huwa nzito na ndani ni ile ile rangi ya nje, saiprasi ni nyepesi na nyeupe chini ya vanishi. Kochi la mbao ngumu halijafa hata kama sponji imekaa kama chapati. Mafundi wa kando ya Barabara ya Ngong au wa Gikomba watalivua, watatia sponji mpya na kitambaa, na wapo wanaonunua fremu peke yake. La saiprasi iliyolegea mpe mtu aliye jirani bure, usafiri wa mbali hautalipa. Na hapo hapo kochi likiwa limepinduliwa, chukua tochi, pitisha kwenye mishono na kwenye tundu za misumari. Ukiona vidoa vyeusi vidogo kama vya wino, hao ni kunguni. Kitu chenye kunguni hakipewi mtu, hata akikuomba, mpaka kipigwe dawa na kikaguliwe tena. Jirani atakusamehe mengi mtaani, kumletea kunguni hatakusamehe. Dabo deka na magodoro yapitie tochi hiyo hiyo. Godoro lililokojolewa na watoto miaka yote usimpe binadamu. Pasua, toa sponji iliyobaki nzima, fundi wa mito ataichukua. Kipande kingine kitamfaa mbwa wa mlinzi.

Friji inanihangaisha zaidi, maana najua unachofikiria: umpe mama fua au mtu wa kibandani kwa sababu taa inawaka. Usifanye hivyo. Friji ya miaka hiyo ikitiwa gesi na kufufuliwa hula stima bila huruma, na mtu anayenunua tokeni za mia mia utakuwa umempa bili iliyofungwa utepe. Nenda nyuma ya friji, karibu na kompresa, kuna kibandiko kinachotaja aina ya gesi. Kikisema R134a, kilo moja ya gesi hiyo ikitoroka hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Kikisema R600a, hiyo ni gesi inayoshika moto. Iwe ipi, usimruhusu mnunuzi wa vyuma akate mrija kwa msumeno hapo kwenye veranda. Tafuta fundi wa friji mwenye mashine ya kuvuta gesi, akivuta na kuchukua kompresa, mtakubaliana bei. Bodi iliyobaki haikosi kazi, wapo wenye maduka wanaolaza friji mfu chali na kuihifadhia unga panya asifike. Ila mlango ung'olewe kabla haijatoka kwako. Watoto hucheza kujificha, na friji ya zamani ikijifunga haifunguki kutoka ndani.

TV ya kichogo tangu mitambo ya analojia izimwe mwaka 2015 haionyeshi kitu bila king'amuzi. Kama inawaka na ina matundu ya nyaya za rangi nyekundu, nyeupe na njano, bado kuna kinyozi au mtu wa kibanda cha michezo ya video atakayeitaka. Kama haiwaki, hiyo usimpe kijana wa gunia hata akikulipa. Kioo chake kina madini ya risasi, na nyaya zake huchomwa ili ipatikane shaba. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake yako hapa hapa Gigiri, lilitoa ripoti ya watoto 328 waliopimwa karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika. Moshi ule si wa jaa tu, ni wa TV zetu, redio zetu na chaja zetu. Nairobi kuna WEEE Centre, kituo kinachofungua mitambo ya umeme na kutenganisha vipuri inavyotakiwa. Kusanya na pasi zilizoungua, simu zilizokufa na chaja zote za kwenye droo, viende pamoja mara moja. Zungumza na majirani wa ploti kwanza. Nina hakika kila nyumba ina droo kama yako.

Stovu ya mafuta taa ikague utambi, lakini usitegemee foleni. Tangu mwaka 2018 mafuta taa yalipowekewa ushuru wa Sh18 kwa kila lita, wengi waliokuwa wakiyatumia wamehamia mtungi mdogo wa gesi. Isipopata jina, ni chuma.

Vitabu ndivyo vinavyouma, hasa kwa mama, maana ndani mna mwandiko wa mtoto. Lakini tuseme ukweli. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa darasa la nane, ulifanywa mwaka 2023. Vitabu vyako vya msingi vya 8-4-4, mfumo wa elimu wa zamani, havina mwanafunzi, na mwalimu mkuu ukimpelekea atavipokea kwa tabasamu na kuvijaza stoo ya shule, umemhamishia shida yako. Vya sekondari vina watu bado, kwa muda mfupi sana: darasa la mwisho la mfumo huo linafanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, mwaka 2027. Kwa hivyo visitoke mwakani, vitoke wiki hii, kwa mtoto wa kidato unayemjua. Kamusi, hadithi na Biblia havina mfumo, hivyo toa wakati wowote. Atlasi angalia, ikionyesha mikoa minane badala ya kaunti 47 imwachie mzee asome kwa kumbukumbu. Vilivyobaki ni karatasi, na karatasi hununuliwa kwa kilo. Mwandiko wa watoto kata kurasa mbili tatu uweke kwenye bahasha.

Masanduku ya chuma ambayo wifi hakuyataka, usiyaharakishe. Hayo hutengenezwa Kamukunji kwa nyundo na bati, na kila muhula wa Januari wazazi hupanga foleni kuyatafuta. La zamani likinyooshwa kona, likapakwa rangi na kutiwa komeo jipya, mzazi aliyelemewa na karo atakushukuru. Andika "lina komeo jipya" au "komeo limevunjika", lolote lililo kweli. Watu hawachukizwi na kitu kibovu kikitajwa ubovu wake. Wanachukizwa kuugundua nyumbani.

Sasa nguo, na lile gunia lililokurudishia haya. Yule mama alikutendea wema, hata kama ulihisi vingine. Nguo iliyochanika angeipokea kwa adabu na kuichoma jioni nyuma ya jiko, na mwaka ujao ungemletea gunia lingine. Fikiria: Gikomba iko karibu, Toi iko karibu, shati zuri la mtumba linanunuliwa kwa pesa kidogo. Nguo isiyo na zipu haimwokolei mtu chochote, inamwongezea kazi. Kabla nguo haijaingia kwenye gunia la sadaka ifuliwe, ikauke, vifungo vihesabiwe, zipu ivutwe juu na chini, lastiki inyooshwe. Kisha jiulize kama ungempa mdogo wako wa tumbo moja akiwa anakuja mjini. Zile zisizofaa zitenge kwa kitambaa. Za pamba tupu, fulana na mashuka yaliyochakaa, gereji yoyote ya mtaani itazichukua mikono miwili, maana fundi wa magari hufuta girisi mchana kutwa. Za poliesta hazifyonzi mafuta, usiwapelekee. Chupi na soksi zilizotoboka hazipewi mtu.

Sare toa beji kwanza. Shati jeupe na sweta isiyo na nembo itamfaa mtoto wa shule yoyote ya rangi hiyo, yenye nembo itamfaa wa shule ile tu.

Na makao ya watoto, piga simu kabla ya kwenda. Serikali ina mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarejesha kwenye familia, kwa hivyo mengine yana watoto wachache kuliko ulivyozoea. Uliza wanahitaji nini mwezi huu. Mara nyingi watakutajia sabuni, unga, taulo za hedhi kwa wasichana. Na kuna jambo ambalo watu hawalifikirii: mtoto akirudishwa kwa nyanya yake Kayole, nyumba ile ya nyanya haina kitanda. Uliza kama yupo wa namna hiyo. Dabo deka yako moja huenda imepata jina hapo.

Usiende na kamera.

Hapa nifike kwa mama fua, maana naona ndilo linalokukereketa kuliko friji. Mpwa wangu, ulimpa au ulimwazima? Kama ulimpa, koti lile lilikoma kuwa la mzee lilipotoka mlangoni. Mtu wa mali mali anayepita mtaani na mabeseni kichwani ni soko kama soko lingine. Anachukua nguo na viatu, anatoa vyombo vya plastiki, na nguo zile huenda kuuzwa kwa mtu anayezihitaji kweli. Mama anayefulia watu kwa kibarua anajua hesabu ya beseni kuliko mimi na wewe, beseni ndicho kitendea kazi chake. Nguo za binti yako zimekaa kwenye mwili wa mtu fulani sasa hivi, na yeye ana mabeseni yake. Nani hapo aliyepoteza? Ulichopoteza wewe ni ile picha ya kumwona amevaa. Mrudishie jicho lako la zamani. Na safari hii, kabla vitu havijatoka, mwite ndani mzunguke naye, aseme mwenyewe anachotaka. Akikwambia hataki kitu ila nauli au chakula cha mwezi, uza stovu na makochi umpe sehemu. Itamsaidia kuliko kochi lisiloingia kwenye chumba chake.

Ile sufuria ya matanga usiipande nayo ghorofa ya nne. Ipeleke kwenye chama chenu. Chama chenye sufuria kubwa mbili, viti vya plastiki na turubai huwa na pesa inayoingia kila wikendi kutoka kwa wenye harusi na wenye misiba, na wewe ukiihitaji utaitumia bila kulipa. Sufuria ndogo zilizotoboka, pita nazo kwa mafundi wa Kamukunji. Kitako huondolewa chote na kutiwa kipya, nyingine zikadumu kuliko zilivyotoka dukani. Jiko la makaa lililopasuka udongo, vivyo hivyo, udongo hubadilishwa na bati la nje likaendelea.

Kitakachobaki baada ya hapo ni kidogo kuliko unavyodhani, na hicho ndicho cha vijana wa taka. Tenganisha kinachooza na kisichooza kabla hawajaja, ndivyo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inavyotaka, na vijana wenyewe watafurahi maana plastiki na karatasi safi wanaziuza. Zile elfu mbili za kitinda mimba zitumie kuwalipia watu wa mkokoteni wanaowapelekea wengine vitu ulivyowapa. Anayetoa ndiye anayelipa usafiri. Ukimpa mtu kitanda halafu akatafute nauli ya kukibeba, amekikopa.

Nusura nisahau lori la kuhamia. Msilikodi tarehe 30 wala 31, nusu ya Nairobi huhama siku hizo mbili na bei huzijua. Mwombe mwenye nyumba wa Umoja ufunguo siku chache mapema, mhame siku ya kazi, asubuhi. Na wale vijana wa kubeba, wapeleke kwanza wapande ngazi mikono mitupu waone ghorofa ya nne iko wapi, ndipo mkubaliane. Wakishafika ghorofa ya tatu na kabati mgongoni, bei inakuwa yao.

Mjomba